Shimo Lililonipa Shikamoo

Hapana, mama Eliya, funika hiyo sufuria, rudisha na sahani juu yake. Najua ugali unapoa. Najua na mama mkwe wako Damari hapo ananitazama kwa jicho moja. Umeniuliza kwa nini nimekataza mtu kugusa chakula, tena Jumapili, tena kuna samaki. Nakujibu. Vuta kigoda, na hao watoto wakae chini, maana jibu langu ni refu, na mimi kufupisha sikujaliwa.

Tunamsubiri mumeo.

Ndiyo, mwanangu Yeremia. Unajua kama ninavyojua mimi, tangu mwezi wa kumi mwaka jana hajakaa kwenye mkeka huu. Chakula kikitengwa anasema ameshakula kwa rafiki yake. Rafiki gani huyo anayepika mara mbili kwa siku na hana hata jina? Sote tunajua anakula nyuma ya jiko, amesimama, kwenye kifuniko cha sufuria, kama mtu aliyeiba. Na mwenye kosa ni mimi. Kiwanda cha magunia kilipofungwa, karudi nyumbani mikono mitupu. Mwezi wa kwanza nikanyamaza. Wa pili nikanyamaza. Wa tatu tumezunguka sinia hapa hapa, nikasema, wala sikuwa na hasira, nilikuwa natafuna tu, nikasema siku hizi humu ndani mikono ya kula imezidi mikono ya kuleta. Yeye alikuwa ameshamega tonge. Akalirudisha. Mtu mzima, baba wa watoto, akarudisha tonge kwenye sinia, akanawa, akaondoka. Mimi nikaendelea kula. Nikamaliza na samaki wake.

Basi usiku wa kuamkia leo nikaota.

Nilikuwa nimejilaza na redio tumboni. Wanasoma habari ya bajeti, wanasema serikali ina nakisi, yaani inatoa zaidi ya inavyoingiza. Shule niliishia darasa la tatu, lakini hilo nikalielewa. Nikamwambia Damari, watu wazima wale na tai zao, wameshindwa hata kukaza mkanda? Damari akasema zima redio, betri zinaisha. Nikazima.

Hapo hapo niko barabarani. Siyo hii ya hapa nje, ile ya zamani tuliyoijenga sisi vibarua wa serikali, ya kutoka stesheni kwenda milimani. Ni asubuhi, jua zuri. Nimeshika beleshi, na goti haliniumi. Hapo ningejua kwamba naota, lakini sikujua.

Pembeni ya barabara kuna shimo. Hilo kwa mtu wa barabara si ajabu. Nyie mnaopita juu kwa baiskeli hamjui, sisi tunajua: barabara ikiinuliwa kutoka kwenye tope, udongo wake umechimbwa mahali. Toka pembeni hatua hamsini, ingia majanini, utalikuta shimo lake. Kila tuta lina shimo lake, kama mtu alivyo na mama yake. Ajabu ni kwamba hili lilinisalimia.

"Shikamoo, mzee Senyagwa."

Nikasita. Lilikuwa kubwa, kanisa letu lingeingia humo na mnara wake, na kitu cha ukubwa ule unaogopa kukiitikia, huenda kimekuzidi umri. Nikaliuliza kwa adabu lina miaka mingapi.

"Mmoja," likasema. "Huwa nazaliwa upya kila Julai, mwaka wa bajeti unapoanza."

"Marahaba."

"Mimi ndiye nakisi uliyenisikia kwenye redio," likasema. "Usinitazame vibaya, mzee. Tazama juu."

Nikatazama juu. Mama Eliya, nimejenga barabara miaka kumi na tisa, sijaona tuta kama lile. Limetoka kwenye ukingo wa shimo likapanda, jekundu, moramu safi, ule udongo wa barabara, iliyoshindiliwa, likapanda mpaka mwewe wanapita chini yake. Na juu huko watu, watu, watu. Siwezi kukwambia wangapi. Nasikia nyundo, nasikia cherehani, nasikia mtu anafundisha watoto hesabu.

Pembeni ya shimo kulikuwa na toroli, la chuma, gurudumu moja, limevaa miwani. Ndilo karani. Ndani yake kuna daftari, nalo linajifungulia kurasa lenyewe kwa upepo. Nikaliuliza linaandika nini.

"Naandika nani ana kazi," likasema. "Tumeagizwa ajira kamili. Kamili ni kamili. Kesho kutwa ni Julai, daftari linafungwa. Ambaye jina lake halina kazi, halitaandikwa kwenye daftari jipya. Atakuwa hayupo."

Lilisema hivyo kama mtu anayekuelekeza choo kilipo.

Na kweli, walikuwa hawamwachi mtu. Yule mnyapara wetu Chibehe, tuliyemzika mwaka sabini na tisa, namwona amesimama juu ya tuta na kofia yake. Nikasema huyu si marehemu? Toroli likasema ndiyo, marehemu, lakini ameajiriwa. Nikauliza kazi gani.

"Kukumbukwa," likasema. "Asubuhi na jioni. Jumapili anapumzika."

Nikaona jogoo ana kitambulisho shingoni. Nikaona kiti kimoja kibovu, kazi yake ni kuonyesha wengine wasikalie wapi. Na Damari nikamwona, kazi yake ile ile ya siku zote, kuninung'unikia, ila sasa analipwa. Usicheke, Damari, ulikuwa na mfuko wa mshahara kiunoni, umevimba.

Nikauliza wamebaki wangapi. Toroli likapekua kurasa, likavua miwani, likafuta, likavaa.

"Mmoja," likasema. "Yeremia Senyagwa. Shimo limebakiza udongo wa mtu mmoja hasa. Akipata kazi, barabara inafika."

"Inafika wapi?"

"Hatujui. Hakuna aliyewahi kufika na watu wote."

Sasa hapo ndipo mtu mwenye akili angekwenda kumwita mwanawe. Mimi nilifanya nini? Nilichungulia shimoni. Nikaliona lilivyo tupu, kina chake, giza la chini, nikaona aibu. Nikakumbuka redio. Nikajiuliza serikali nzima inaachaje tundu namna hii mbele ya wageni. Na unanijua, nikishaona kitu kimepungua sioni kingine. Nikapanda juu ya jiwe, nikasema kwa sauti ile ile niliyomsemea Yeremia, wala si ya hasira.

"Fukieni. Watu wenye heshima hawaishi na shimo."

Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa kuliko wote pale, ukimtoa Chibehe, wakatii. Hakuna aliyebisha. Wakachukua mabeleshi. Na udongo wa kufukia ukatoka wapi? Udongo mwingine haupo. Ukatoka kwenye tuta.

Beleshi la kwanza likaingia shimoni, cherehani moja ikanyamaza. La pili, yule mwalimu akafunga kitabu. La tatu, fundi akashuka na nyundo yake, akasalimia, akaenda kukaa. Nikasema endeleeni, shimo linapungua. Na kweli linapungua, na barabara inashuka, na watu wanashuka nayo, kimya, kwa mstari, kama wanatoka kanisani. Kila beleshi na mtu wake. Shimo lenyewe nasikia sauti yake inakuwa nyembamba. Likasema shikamoo mzee, kwa sauti ya mtoto. Kisha likasema shika, tu. Kisha halikusema kitu.

Ghafla hatuko tena barabarani. Tuko hapa, uani kwetu, nyuma ya jiko. Lakini jiko haliishi. Ukuta wake unakwenda, unakwenda, mpaka macho yanachoka, na nyuma ya ukuta huo wamesimama watu wote wale niliowaona juu. Wanaume kwa wanawake. Kila mmoja ameupa ulimwengu mgongo, ameshika kifuniko cha sufuria, anakula amesimama, haraka haraka, asionekane. Sauti ni ya kutafuna tu. Maelfu. Sijawahi kuogopa hivyo mchana.

Toroli likaja likijisukuma. Likatazama ardhi, tambarare, safi, haina hata kishimo cha panya.

"Hongera, mzee," likasema. "Hupungukiwi na kitu. Na huna mtu."

Likaanza kukata majina. Chibehe nikamwona anafifia, maana waliokuwa wakimkumbuka walikuwa wamesimama ukutani wana mambo yao. Likafika kwenye jina la mwanangu, kalamu ikasimama juu yake.

Nikakimbia kwenye ule ukuta. Nawageuza watu mabega, si yeye, samahani. Namgeuza mwingine, si yeye, samahani. Nilisema samahani mpaka likawa neno langu la kupumulia. Mwisho kabisa, pale ukuta unapokutana na mlima, nikamkuta. Nilimjua kwa kisogo. Nikamwambia twende, kuna kazi, wanakusubiri wewe tu. Hakugeuka.

"Kuna shimo, baba?" akauliza.

Nikamwambia halipo. Nimelifukia.

Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata nafuu. Aliendelea tu kushikilia kile kifuniko, hakina kitu ndani.

Nikaligeukia toroli. Nikalibembeleza, mimi mzee mzima nalibembeleza toroli. Nikasema kifanyike kitu. Likasema kinafanyika sana, ila lazima mmoja akubali kupungukiwa kwanza. Wote wakingoja mwenzao, wote watabaki ukutani. Nikauliza ni nani huyo wa kwanza. Toroli likanitazama juu ya miwani.

Beleshi sina tena. Nikapiga magoti, lile goti nalo likaanza kuuma papo hapo, nikachimba kwa vidole. Ardhi ngumu, tulikuwa tumeishindilia wenyewe. Nikatoa konzi moja ya moramu. Moja tu. Na pale nilipoitoa pakabaki kishimo, na kishimo kikasema, kwa sauti ya kitoto, shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," nikasema, na machozi yananitoka.

Nikamwekea Yeremia ile konzi mkononi. Ikabidi aweke kifuniko chini ili apokee. Akageuka. Akatazama udongo, akatazama mlima, akasema hapa pangepita kalavati la kupitishia maji. Hivyo tu. Akaweka udongo, akaushindilia kwa kiganja, na toroli nikasikia linaandika.

Sasa ngoja nikwambie kilichonishangaza kuliko vyote. Nilidhani konzi imeisha pale. Kumbe Yeremia alipomaliza, ule udongo ukawa mkononi mwake bado. Akampa aliyekuwa karibu naye, na huyo alikuwa wewe, mama Eliya. Ukafanya yako, ukampa seremala. Seremala akampa mwenye maandazi. Mwenye maandazi akampa mwalimu. Kila aliyepokea aligeuka kutoka ukutani, kwa sababu huwezi kupokea kitu umempa mtu mgongo. Na kila mkono ulibakiza kidogo kwenye kucha, kidogo tu cha kwake, ukatoa kilichobaki. Nikaanza kuhesabu. Watu kumi na mmoja kwa konzi moja ndipo ikaishia kwenye kucha zao. Konzi moja. Mimi miaka yote nilidhani konzi moja ni ya mtu mmoja.

Nikachimba ya pili. Wakageuka wengine. Nikachimba, nikachimba, mpaka nimezama kifuani, mpaka kichwani, niko ndani ya shimo, nasikia tu huko juu tuta linainuka, cherehani moja, cherehani tatu, nyundo, na Damari ananung'unika kwa mshahara. Kisha toroli likasema kwa sauti ya chini kabisa, kama linaogopa kuamsha mtu.

"Hakuna aliyebaki."

Nikapanda juu nione.

Nchi inakua. Sijui niseme vipi. Haikui kama mtoto, kwenda juu. Inakua kama mkate, kila upande. Milima yetu ile inasogea nyuma, taratibu, inatupisha, kama watu wazima wanavyosogea kwenye benchi. Kati ya hapa na stesheni kunatokea mabonde ambayo hayakuwepo, yana maji. Barabara inajinyoosha yenyewe mbele ya miguu ya watu, na kila inapofika panakuwa na sababu ya kufika. Chibehe akavua kofia yake. Hata jogoo alivua kitambulisho chake akakishika kifuani. Mimi nilivua kofia. Nilikuwa sina kofia, lakini niliivua.

Kwa ile furaha nikataka kuongeza. Nikarudi shimoni, nikatoa konzi nyingine, nikaitupa juu. Hakuna wa kuipokea. Mikono yote ina kazi. Udongo ukaangukia masufuria ya watu. Nikatupa nyingine. Nikasikia mama wa maandazi anapiga kelele, natazama, andazi limemtoka kwenye beseni linapaa kama bei, naye anarukia, anarukia, halifikii. La pili likapaa. Sukari ikapaa, mafuta yakapaa, watu wananyanyua mikono hawavifikii, wamesimama na kazi zao na mishahara yao na chai haina sukari.

Shimo likanivuta shati.

"Mzee, sasa inatosha. Nilikuwa wa kwao walipokuwa hawana kazi. Sasa mikono yao imejaa."

Nikasema sawa. Nikaomba radhi kwa mama wa maandazi. Vitu vikashuka kidogo kidogo, andazi la mwisho likamwangukia Chibehe begani.

Lakini nikawa na wasiwasi wangu ule ule. Nikaliuliza shimo, na wewe je? Wajukuu zangu watakuja kukukuta wazi hivi hivi. Watatumbukia. Likaniambia nitembee hatua mia, kisha nigeuke nilitafute.

Nikatembea. Nikageuka. Silioni. Naona nchi tu, imetanda, mashamba, madaraja, mapaa ya bati yanamulika. Nikainama, nikatafuta kwenye nyasi kama anayetafuta sindano. Nikaliona. Ni lile lile, hakuna aliyelifukia, halijapungua hata beleshi moja. Limejaa maji ya mvua na ng'ombe mmoja anakunywa. Lakini kando ya nchi ile lilikuwa kama alama ya kwato. Nikasimama pale. Mimi maisha yangu yote nilijua njia moja tu ya kulimaliza shimo.

Nikaamka. Kweupe. Damari ameshaamka anafagia. Nikasema moyoni, mzee, umekula maharage usiku, si zaidi. Nikanyoosha mkono nichukue fimbo.

Hebu leteni macho hapa. Mkono wa kulia. Mnaona kucha? Huo udongo ni mwekundu. Damari anasema ni kutu ya jembe. Sijashika jembe tangu Pasaka. Na udongo wa hapa kwetu tangu babu zetu ni mweusi tii. Mwekundu uko kule kwenye njia ya milimani, nusu siku kwa miguu.

Mama Eliya, hebu na wewe nyoosha wako. Mbona unaficha mkono kwenye kanga?

Haya, sikulazimishi.

Basi nilitoka kabla ya chai, nikaenda mlangoni kwenu wewe ukiwa kisimani. Nikasema nje ya mlango, Yeremia, mimi ndiye niliyelifukia. Hajui habari ya shimo, lakini nadhani alinielewa. Nikamwambia yule ndama niliyemweka kwa ajili ya msiba wangu auzwe mnada wa Alhamisi, inunuliwe cherehani ya kushonea magunia. Mahindi ya watu yanakauka shambani, hayana pa kuingia, na mshonaji amelala ndani. Damari, usinitazame hivyo. Nitazikwa kwa maharage, wala sitajua. Kisha nikamwambia leo mchana chakula hakiguswi mpaka yeye akae, hata kama ni mpaka jioni, hata kama ni mpaka watoto walie. Mwisho akasema, "Nimesikia, baba." Hakusema nitakuja. Ndiyo maana natazama kona ile ya jiko tangu mlipoanza kutenga.

Nyamazeni kidogo.

Ni yeye. Usimwite, mama Eliya, acha aje kwa miguu yake. Watoto, msimkodolee macho, tazameni mkeka. Ona, amesimama. Anataka kusema ameshakula. Hasemi.

Lete hilo jagi. Hapana, lete kwangu, leo namnawisha mimi. Najua mkubwa hamnawishi mdogo. Leo nakubali kupungukiwa.

Karibu, mwanangu. Nyoosha mikono. Maji ya moto haya, pole pole. Haya. Eliya, mpishe baba yako, kaa huku kwangu. Mama Eliya, funua. Damari, tuombee wewe, na iwe fupi.

Amina.

Mega, Yeremia. Unasemaje? Nianze mimi? Basi tumege pamoja.